Chuma Kilichokatazwa: Habari za Umeme, Baridi na Sumaku

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Maneno ya somo yamepigwa chapa hapa ili uyasome tena polepole, peke yako au pamoja na wenzako.

 

Watu wengi wakisikia neno "historia" hufikiri habari za wafalme, vita na safari za mbali. Lakini elimu nayo ina historia yake. Ina waanzilishi, ina magomvi, na tena ina amri zinazowekwa na kuvunjwa. Leo nitakueleza habari za amri moja ya namna hiyo. Wataalamu walikuwa wakitafuta vitu vinavyopitisha umeme bila kuupoteza hata kidogo, na amri ilisema kwamba mwenye kutafuta vitu hivyo ajiepushe na sumaku. Chuma ndicho rafiki mkubwa wa sumaku, kwa hiyo chuma kiliwekwa kando. Amri hiyo ilitawala fikira za watu kwa muda wa miaka hamsini hivi. Mwaka 2008 chuma chenyewe kiliivunja.

Yafaa tujue amri hiyo ilitoka wapi, ilikuwa na haki kiasi gani, na ilivunjika kwa njia gani.

1. Umeme unaochoka njiani

Kwanza tuanze na jambo unalolijua. Ukishika waya wa pasi iliyotumika muda mrefu, utaona umepata joto. Joto hilo limetoka wapi? Limetoka katika umeme wenyewe. Ndani ya waya hupita chembe ndogo mno ziitwazo elektroni. Zikipita huparamia vizuizi, na sehemu ya nguvu zao hugeuka kuwa joto. Tabia hii ya waya kuuzuia umeme huitwa ukinzani. Kwa sababu ya ukinzani, umeme unaoondoka katika mtambo haufiki wote kijijini. Sehemu yake hupotea njiani na kupasha hewa joto bure.

Basi mtu yeyote angependa kupata waya usio na ukinzani kabisa. Je, waya wa namna hiyo upo? Upo. Ulionekana kwa mara ya kwanza katika mji wa Leiden, nchi ya Uholanzi.

2. Zebaki ya Leiden

Huko Leiden alikuwako profesa mmoja aitwaye Heike Kamerlingh Onnes. Kazi yake kubwa ilikuwa kutafuta baridi. Maji huganda katika digrii 0 za Sentigredi, lakini yeye alitaka kushuka chini zaidi sana. Tarehe 10 Julai, 1908, alifaulu kuigeuza hewa iitwayo heliamu kuwa maji, kwa baridi ya digrii 269 chini ya sifuri. Ujue kwamba baridi haina budi kukoma mahali fulani. Mwisho wake ni digrii 273 chini ya sifuri, wala hakuna kitu kinachoweza kupita hapo.

Mwaka 1911 profesa huyo na wasaidizi wake walipitisha umeme katika zebaki. Walichagua zebaki kwa sababu ni rahisi kuisafisha. Walipoishusha hadi karibu na digrii 269 chini ya sifuri, ukinzani ulitoweka ghafula. Mwaka 1914 alianzisha umeme katika mviringo wa waya wa risasi uliopoozwa vivyo hivyo, kisha akaondoa chanzo cha umeme. Umeme ule uliendelea kuzunguka wenyewe bila kusukumwa na kitu. Katika somo hili vitu vya namna hii tutaviita vipitishi kamili.

Mwaka huohuo wa 1914 Kamerlingh Onnes aliona jambo jingine. Sumaku kali ikikaribishwa, hali ile njema huharibika na ukinzani hurudi. Na mwaka 1933, huko Ujerumani, Walther Meissner na Robert Ochsenfeld waligundua kwamba kipitishi kamili hufukuza sumaku isiingie ndani yake. Hivyo uadui kati ya viwili hivi ukaonekana tangu zamani.

3. Kwa nini sumaku iliitwa adui

Sababu ya vipitishi kamili haikujulikana mpaka mwaka 1957. Ndipo Wamarekani watatu, John Bardeen, Leon Cooper na Robert Schrieffer, walipotoa maelezo yaliyowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1972.

Walisema hivi. Kwa kawaida elektroni hufukuzana. Lakini katika baridi kali elektroni huungana mbilimbili, na zikiisha kuungana, hutembea zote kwa pamoja bila kuzuiwa. Ni kitu gani kinachoziunganisha? Fikiri kitanda cha kamba. Mtu mzito akilala juu yake, kamba hubonyea. Mtoto aliyelala pembeni huteremkia upande ule, ingawa hakuna aliyemvuta kwa mkono. Atomi za waya ni mfano wa kamba hizo. Elektroni moja ikipita huzibonyeza kidogo, na elektroni ya pili hufuata bonde lile.

Sasa sikiliza jambo la sumaku. Kila elektroni, pamoja na kubeba umeme, ni sumaku ndogo mno, mfano wa sindano ya dira. Elektroni mbili zilizoungana hukaa huku sindano zao zikielekea pande mbili zilizo kinyume, moja huku na moja kule. Ukileta sumaku, huzivuta sindano zote zielekee upande mmoja. Ndoa ile inavunjika.

Bernd Matthias, mtaalamu aliyezaliwa Ujerumani na kufanya kazi Marekani, alilihakikisha jambo hili kwa majaribio. Mwaka 1958 yeye na wenzake walitia madini ya sumaku yaitwayo gadolini katika lanthani, ambayo ni kipitishi kamili. Kiasi cha sehemu 1 hivi katika 100 kilitosha kuiua hali ile. Matthias alikuwa mgunduzi hodari wa vipitishi kamili, na kanuni zake zilifuatwa na wengi. Mojawapo ilikuwa hiyo ya kujiepusha na sumaku.

Kwa hiyo usidhani kwamba amri ile ilikuwa upuuzi. Ilitoka katika majaribio ya kweli. Lakini majaribio hayo yalifanywa juu ya vitu vilivyokuwa vikijulikana wakati ule. Vitu visivyojaribiwa bado havikuwa vimepata nafasi ya kujibu.

4. Nyufa katika ukuta

Ufa wa kwanza ulionekana mwaka 1979. Frank Steglich na wenzake, huko Ujerumani, waligundua kipitishi kamili kilichojengwa kwa seri, shaba na silikoni. Ndani ya seri mlikuwa na sumaku ndogo nyingi, lakini hazikuua kitu. Mwaka 1986 Georg Bednorz na Alex Müller, huko Uswisi, waligundua vipitishi kamili vyenye shaba na oksijeni. Mwaka uliofuata vitu vya jamii hiyo vilifanya kazi katika digrii 180 chini ya sifuri, baridi ambayo ni ndogo sana ikilinganishwa na ile ya zebaki. Navyo pia vilikuwa majirani wa sumaku.

Chuma je? Mwaka 2001 Katsuya Shimizu na wenzake, huko Japani, walionyesha kwamba hata chuma chenyewe chaweza kuwa kipitishi kamili. Lakini ilibidi kikandamizwe kwa nguvu inayozidi ile ya hewa mara 150,000, na chini ya mkandamizo huo chuma hupoteza sumaku yake. Basi wenye kuitetea amri waliweza kusema: "Mmeona? Ni lazima sumaku iondoke kwanza."

5. Aliyetafuta kuni akakuta asali

Huko Tokyo alikuwako profesa Hideo Hosono. Hakuwa akitafuta vipitishi kamili. Kazi yake ilikuwa kutengeneza vitu vya kutumika katika vioo vya televisheni na vyombo vya elektroniki. Katika kuchunguza jamii fulani ya madini, yeye na wenzake walikuta mwaka 2006 kwamba mchanganyiko wa lanthani, chuma, fosforasi na oksijeni huwa kipitishi kamili katika baridi iliyo karibu na ile ya zebaki. Alikuwa kama mtu aliyekwenda porini kutafuta kuni akakuta mzinga wa asali.

Habari hiyo haikuwashtua watu wengi. Ndipo wakaondoa fosforasi, wakaweka arseniki, na mahali pa sehemu ndogo ya oksijeni wakatia florini. Mwaka 2008 walitangaza kwamba kitu hicho huwa kipitishi kamili katika digrii 247 chini ya sifuri. Digrii 22 hivi zilikuwa zimepandwa kwa hatua moja, tena kwa kutumia chuma!

Habari zilienea upesi. Huko China wataalamu walibadilisha lanthani kwa madini mengine ya jamii yake, na kabla mwaka haujaisha walikuwa wamefika digrii 218 chini ya sifuri. Huko Munich, Ujerumani, vikapatikana vipitishi kamili vyenye bariamu, potasi, chuma na arseniki. Huko Taiwan, Maw-Kuen Wu na wenzake walikipata kingine chenye vitu viwili tu, chuma na seleni.

6. Askari wa chuma

Sasa likaja swali kubwa: sumaku ya chuma imekwenda wapi? Je, imelala, au ingali inafanya kazi?

Kwa macho hatuwezi kuiona sindano ya atomi moja. Lakini iko chembe nyingine iitwayo nyutroni. Haibebi umeme, kwa hiyo hupenya ndani ya vitu kwa urahisi, nayo yenyewe ni sumaku ndogo. Ukirusha nyutroni kwenye kipande cha madini, kisha ukachunguza zinatokea upande gani na kwa mwendo gani, utajua sumaku za ndani zimepangwaje na zinatikisika namna gani. Njia hii ilianzishwa na Clifford Shull wa Marekani na Bertram Brockhouse wa Kanada katika miaka ya 1940 na 1950, nao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1994.

Mwaka 2008 Pengcheng Dai na wenzake, huko Marekani, walirusha nyutroni kwenye madini ya Hosono kabla hayajatiwa florini. Waliona nini? Fikiri kiwanja cha gwaride. Askari wamesimama bega kwa bega katika mistari. Mstari wa kwanza wote wanatazama mbele. Mstari wa pili wote wanatazama nyuma. Wa tatu mbele, wa nne nyuma, hivyo hivyo mpaka mwisho. Ndivyo sumaku za chuma zilivyojipanga ndani ya madini yale. Kwa kuwa mistari hufutana, mtu aliye nje akileta sindano ya kawaida haoni sumaku yoyote. Lakini imo ndani, nayo imepangwa kwa utaratibu mkubwa.

Florini ilipotiwa, gwaride lilivunjika, na kipitishi kamili kikatokea. Hapo wenye amri ya zamani wangeweza kufurahi tena, wakasema kwamba sumaku imeondoka. Lakini haikuondoka. Askari hawakwenda nyumbani. Waliacha mistari yao, ila waliendelea kugeukageuka, na mmoja akigeuka, jirani yake naye hugeuka. Kutikisika huku ndiko tutakakokuita mtetemo wa sumaku.

7. Kila askari na upande wake

Hapa nakuomba usome polepole, maana tumefika mahali penye uzito.

Mpasua kuni anajua kwamba gogo halipasuki sawa kila upande. Ukifuata nyuzi zake, shoka hupita. Ukikata kinyume, utatoka jasho. Sumaku za chuma nazo zina tabia ya namna hii. Zina upande zinaoupenda. Katika madini ya bariamu, chuma na arseniki, sumaku hulala ndani ya tabaka la chuma, nazo huelekea mbele au nyuma kama wale askari.

Mwaka 2012 wataalamu wa Ujerumani walitangaza matokeo ya kurusha nyutroni zilizotengenezwa maalumu, ambazo sindano zake zote zilielekezwa upande mmoja. Waliuliza hivi: askari wetu akisukumwa, ni rahisi kwake kugeuza uso kushoto na kulia, au kuuinua juu na kuuinamisha chini? Kwa kuwa madini haya yamejengwa kwa matabaka, ungetazamia kwamba kugeuka kushoto na kulia, ndani ya tabaka lake, ndiko kuliko rahisi. Sivyo. Walikuta kwamba kuinua uso juu na kuuinamisha chini kunahitaji nguvu pungufu.

Miaka michache baadaye jambo hili lilipata ushahidi mwingine. Kufikia mwaka 2015, madini hayo yakiwa yametiwa sodiamu kwa kiasi maalumu, yalionekana kuwa sumaku zake huacha kutazama mbele na nyuma. Husimama wima, zikaelekea juu na chini. Upande uleule uliokuwa rahisi kuelekea wakati wa kutikisika ndio uliokuja kuchaguliwa.

Kwa nini sumaku ipende upande mmoja? Fikiri ng'ombe aliyefungwa plau. Hawezi kugeuka atakavyo, maana akigeuka lazima plau nayo igeuke. Sindano ya elektroni imefungwa na njia ambayo elektroni huipita kuizunguka atomi. Njia hiyo nayo hubanwa na atomi za jirani zilizo juu na chini ya tabaka la chuma. Kwa hiyo sindano haiko huru, na upendeleo wake hutuambia habari za njia tusiyoweza kuiona.

8. Jogoo na jua

Je, mtetemo huo unahusika na umeme usiopotea? Mwaka 2008 wataalamu wa Marekani na Uingereza walichunguza madini yenye bariamu na potasi kwa nyutroni. Walipoyashusha mpaka pale yanapoanza kuwa kipitishi kamili, digrii 235 hivi chini ya sifuri, mtetemo wenye nguvu maalumu ulitokea. Walipoyapasha joto ukatoweka. Basi mambo haya mawili yanafahamiana.

Tena, hesabu zilizopigwa mwaka huohuo zilionyesha kwamba kutikisika kwa atomi peke yake, yaani kile kitanda cha kamba cha mwaka 1957, ni dhaifu mno. Hakutoshi kuziunganisha elektroni katika digrii 247 chini ya sifuri. Kwa hiyo wataalamu wengi wanafikiri kwamba kitanda ni kingine, na kamba zake ni sumaku. Elektroni moja ikipita huzitikisa sumaku, na ya pili huupokea mtikisiko ule. Gwaride likiwa imara mno, kamba zimekazwa na hazibonyei. Likivunjika kwa kiasi, kamba hulegea, na kitanda hufanya kazi. Kwa maelezo haya, yule aliyeitwa adui ndiye aliyefunga ndoa.

Lakini tuwe waangalifu. Jogoo huwika, na jua likatokea. Hatusemi kwamba jogoo ndiye aliyelileta jua. Vivyo hivyo, mitetemo na umeme usiopotea kuonekana pamoja si ushahidi uliokamilika. Katika chuma na seleni, mathalani, gwaride halionekani kabisa kwa hewa ya kawaida, na bado ni kipitishi kamili. Mwaka 2017 uchunguzi ulionyesha kwamba mtetemo wake unaotokea pamoja na hali hiyo huelekea zaidi juu na chini. Kwa hiyo mtu anayetaka kueleza jambo hili hawezi kupiga hesabu kana kwamba pande zote ni sawa. Upendeleo wa upande nao ni shahidi anayepaswa kusikilizwa. Hata leo wataalamu hawajakubaliana wote.

9. Faida yake ni nini?

Huenda ukauliza, "Mambo haya yananihusu nini mimi?" Swali ni la haki. Vipitishi kamili vinatumika tayari. Mashine za MRI zinazopiga picha za ndani ya mwili katika hospitali kubwa, zikiwamo za Dar es Salaam na Nairobi, mara nyingi huwa na waya za niobi na titani zinazopoozwa kwa heliamu. Heliamu ni ghali, na baridi yake ni kazi kubwa kuitunza. Kipitishi kamili kisichohitaji baridi kali kingepunguza gharama hizo.

Vya chuma havijafika huko. Vipande vyake vya kawaida huhitaji baridi inayozidi ile ya naitrojeni iliyogeuzwa maji, yaani zaidi ya digrii 196 chini ya sifuri, na arseniki ni sumu. Lakini hustahimili sumaku kali sana bila kuharibika, na mwaka 2016 wataalamu wa China walifaulu kutengeneza waya wake wenye urefu wa meta 100. Atakayetaka kutengeneza kilicho bora zaidi hana budi kujua kwanza ni kitu gani kinachoziunganisha elektroni. Hiyo ndiyo maana ya kuhangaika na upande wa sindano usioonekana kwa macho.

Basi, amri ya Matthias ilieleza kweli yale yaliyokwisha kuonekana. Kosa lilikuwa kuifanya ukuta wa kuwazuia watu wasijaribu. Nawe utakapoambiwa kwamba jambo fulani haliwezekani, uliza kwanza: "Limejaribiwa wapi, na kwa kitu gani?" Kisha sikiliza jibu kwa makini, maana pengine ni la kweli.

Maswali

1. Ukinzani ni nini? Taja mahali nyumbani ambapo umeuona umeme ukigeuka joto.
2. Kamerlingh Onnes aliona nini katika zebaki mwaka 1911?
3. Kwa nini wataalamu walisema sumaku ni adui wa vipitishi kamili? Walikuwa na ushahidi gani?
4. Hosono alikuwa akitafuta nini alipokutana na chuma?
5. Eleza kwa maneno yako mwenyewe jinsi "askari" wa chuma walivyojipanga, na upande ambao ni rahisi kwao kuelekeza uso.
6. Mfano wa jogoo na jua unatuonya juu ya nini?

Kazi ya kufanya

Chukua sindano ya kushonea, uisugue juu ya sumaku mara nyingi kwa upande mmoja. Iweke juu ya jani kavu, na jani uliweke juu ya maji katika bakuli. Igeuze kwa ncha ya kijiti, kisha uiache. Itazame inarudi kuelekea wapi, uandike ulichoona kwa sentensi tatu, na uwasomee wenzako darasani.